Miguu ya mama imekufa ganzi kwa kemo: tuseme kwa daktari au tunyamaze?

"Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 57. Mwaka jana alikutwa na saratani ya titi la kushoto, akafanyiwa upasuaji. Amemaliza dozi nne za ile dripu nyekundu, sasa yuko kwenye pakilitakseli ya kila wiki, amepata 7 kati ya 12. Tangu ile ya tano vidole vya miguu vilikufa ganzi, sasa ganzi imepanda hadi kwenye vifundo na ncha za vidole vya mikono nazo zimeanza. Hawezi kufunga vifungo vya blauzi, vikombe vinamponyoka, ndala inamtoka mguuni njiani hajui. Usiku nyayo zinamwaka moto, hata shuka ikimgusa anaumia. Majirani wanasema damu haifiki miguuni, wengine wanasema ni sukari. Duka la dawa wametuuzia sindano nyekundu za vitamini na vidonge vyake. Shangazi anamkanda kila jioni kwa maji ya moto yenye chumvi, na juzi tumeona lengelenge kisiginoni ambalo mama mwenyewe hakulisikia. Ana presha, anatumia vidonge, na wamemwambia akimaliza dripu ataanza tamoksifeni. Ametukataza kumwambia daktari wake habari za ganzi, anaogopa watamkatishia dawa na ugonjwa urudi. Je, hii ganzi itaisha? Kuna dawa? Na tufanyeje, tufiche au tuseme?"

Marahaba mwanangu. Nianze na lengelenge, maana hilo halisubiri nimalize maelezo mengine.

Mama yupo katikati ya kemo, yaani hizo dripu za kuua saratani, na kemo hushusha chembe nyeupe za damu, wale askari wanaopigana na vijidudu. Kidonda kwenye mguu usiosikia, kwa mtu ambaye askari wake wamepungua, kinaweza kugeuka usaha hadi kwenye damu kabla hajalalamika hata mara moja, kwa sababu hana cha kulalamikia: mguu hauhisi. Msilipasue. Osheni mguu kwa maji safi ya kawaida na sabuni, kausheni kwa kugusa bila kusugua, funikeni kwa bandeji safi, na kesho asubuhi apelekwe akaangaliwe. Msingoje siku ya kliniki. Akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, au akitetemeka kwa baridi, au wekundu ukianza kupanda kutoka kisiginoni, aende hospitali saa hiyo hiyo hata kama ni usiku wa manane, na mkifika semeni neno la kwanza kabisa kwamba yuko kwenye kemo. Na maji ya moto yaishe leo jioni. Nitarudi kwa shangazi.

Sasa swali lako kubwa. Semeni. Semeni kabla ya dripu ya nane.

Nakijua kile chumba. Foleni imeanza alfajiri, mafaili yamejaa mezani, daktari anainua macho na kuuliza, "Mama, unaendeleaje?" Na mama, kwa adabu aliyolelewa nayo, anajibu, "Nzuri tu mwanangu, tunamshukuru Mungu." Kalamu inaandika kwamba hana tatizo. Dripu inatundikwa kwa kipimo kile kile. Simlaumu mama hata kidogo. Kwetu mtu akikuuliza hali unamshukuru Mungu kwanza, na kuanza kuhesabu maumivu mbele ya mtu uliyemkuta na kazi zake huonekana ni kukosa shukrani. Lakini swali la daktari wa saratani si salamu. Ni kipimo. Ganzi ya kemo, mara nyingi, haihitaji picha wala damu kutolewa ili ijulikane; hujulikana kwa mdomo wa mgonjwa. Mgonjwa akinyamaza, hakuna mashine chumbani itakayomsemea.

Hofu yake ya kukatiwa dawa naielewa, na sitakudanganya kwamba haiwezi kutokea. Ila kati ya kuendelea vile vile na kuacha kabisa kuna hatua nyingi, na watu wengi hawazijui. Daktari anaweza kuahirisha dripu wiki moja au mbili mishipa ipumue. Anaweza kupunguza kipimo. Anaweza kubadilisha dawa ndani ya ukoo ule ule, kwa mfano kumhamishia kwenye dosetakseli, ambayo kwa kawaida huumiza mishipa kidogo kuliko pakilitakseli ingawa ina shida zake, hasa kushusha chembe nyeupe zaidi na kuvimbisha miguu. Na ikiwa ganzi imefika mbali, anaweza kuamua kwamba dozi alizopata zinatosha na kusonga mbele na hatua inayofuata.

Hapo kwenye kubadilisha dawa nina neno moja la kuwahusu watu wetu. Tafiti za Marekani zilionyesha kwamba wanawake Weusi hupata ganzi ya dawa hizi zaidi kuliko wanawake Wazungu. Basi wakafanya utafiti wa wanawake Weusi peke yao wenye saratani ya titi, wakalinganisha pakilitakseli ya kila wiki na dosetakseli ya kila wiki tatu. Waliopewa dosetakseli walioshikwa na ganzi ya kuwasumbua walikuwa wachache, na waliolazimika kupunguziwa kipimo nao walikuwa wachache. Wanawake wale ni wa Marekani, si wa kwetu, na sitaki ulichukue jambo hili kwenda kumwamrisha daktari. Lakini ni swali halali kabisa kuliuliza: "Daktari, kwa hali hii ya mama, dosetakseli haifai?"

Na kumbuka kwamba pakilitakseli si nguzo pekee iliyoshika nyumba ya mama. Uvimbe umeshaondolewa kwa upasuaji. Dozi nne za dripu nyekundu zimeshaingia. Mbele ipo tamoksifeni, dawa ya kumeza ambayo kwa kawaida hutumika miaka mitano au zaidi na hufanya kazi kubwa ya kuzuia ugonjwa usirudi. Kupunguza kidogo dozi za mwisho si kulifungulia saratani mlango. Tena ukweli wa upande wa pili ni huu: akifika dozi ya kumi akiwa hawezi kusimama, hiyo ya kumi na moja hatapewa hata akiitaka. Anayesema mapema ndiye mwenye nafasi nzuri ya kuendelea na tiba.

Hesabu hubadilika kwa mgonjwa ambaye saratani imeshasambaa na kemo ni ya kuizuia tu isikimbie. Kwake, uwezo wa kutembea hadi uani na kushika kijiko mwenyewe una uzito mkubwa zaidi kwenye mizani, na mara nyingi tunapunguza dawa mapema. Sijui mama yuko upande gani kati ya hizi mbili, wewe hujasema. Muulize daktari wake waziwazi.

Tuje kwa majirani. "Damu haifiki" ni kosa ambalo lugha yetu yenyewe inatuingiza. Kiswahili kinaita kila kamba ya mwilini mshipa: inayopitisha damu ni mshipa, inayopitisha hisia ni mshipa, inayovuta msuli ni mshipa, hata ngiri mtu husema ana mshipa. Kwa hiyo mtu akisikia mishipa ya miguu imeharibika, moja kwa moja anafikiria bomba lililoziba, na tiba ya bomba lililoziba ni kulizibua: moto, chumvi, kuchua kwa nguvu. Mishipa iliyoumia kwa mama ni ya fahamu. Ni nyaya, si mabomba. Gusa mguu wake utaukuta una joto na rangi yake ya kawaida. Damu inafika. Kinachokwama ni taarifa.

Kwa nini dawa ya saratani iumize nyaya? Seli ya saratani inapotaka kugawanyika, hujenga ndani yake vijikamba vyembamba mno vinavyovuta mali yake pande mbili ili zipatikane seli mbili. Pakilitakseli hugandisha vijikamba hivyo, seli inakwama katikati na kufa. Sasa mshipa wa fahamu haugawanyiki, lakini nao una vijikamba vile vile, kwa kazi tofauti: ndiyo reli inayosafirisha chakula na vipuri kutoka kwenye kiini cha mshipa hadi mwisho wake. Kiini kinachohudumia kidole gumba cha mguu kipo kiunoni, pembeni ya uti wa mgongo. Kutoka pale hadi kidoleni ni karibu mita moja, waya mmoja usiokatika. Fikiria Reli ya Kati: treni zikianza kusuasua Dar es Salaam, Morogoro watapata mzigo uliochelewa kidogo, lakini Kigoma maduka yataishiwa kwanza. Vidole vya miguu ndiyo Kigoma ya mwili. Ndiyo maana ganzi ya kemo huanzia huko, miguu yote miwili sawasawa, ikapanda kama mtu anayevaa soksi, na inapofika kwenye vifundo ndipo vidole vya mikono huanza, kama anayevaa glavu. Maelezo ya mama yamefuata njia hiyo hatua kwa hatua, na hilo linanipa uhakika mkubwa kwamba tunaongelea kitu kile kile.

Utauliza kwa nini basi anahisi moto ikiwa taarifa hazifiki. Waya ulioumia haunyamazi tu. Huanza kutoa kelele zake wenyewe, kama redio iliyolegea waya. Ubongo hupokea kelele hizo na kuzitafsiri kuwa ni moto, sindano, sisimizi wanaotembea. Usiku zinasikika zaidi kwa sababu hakuna kingine cha kusikiliza. Mtu anaweza kuwa na ganzi na maumivu kwenye mguu ule ule, kwa wakati mmoja. Mama hajidekezi.

Si pakilitakseli peke yake. Sisplatini na oksaliplatini, nazo dawa za kemo, huumiza kile kiini chenyewe pembeni ya uti wa mgongo, na zina tabia ya kuendelea kuongeza ganzi miezi kadhaa baada ya dripu ya mwisho, jambo linalowatisha watu wakidhani saratani imerudi. Oksaliplatini ina kioja chake: siku za mwanzo baada ya dripu, kushika chupa ya baridi ni kama kushika umeme, na kunywa maji ya friji hukaba koo. Vinkristini, kemo wanayopewa sana watoto wenye saratani ya Burkitt, ile inayovimbisha taya, hutokana na ua la vinka la Madagaska, lile la waridi au jeupe linalojiotea kando ya nyumba nyingi za pwani. Hilo ua ni sumu, msije mkalichemsha kwa kusikia kwamba ndani yake kuna dawa ya saratani.

Kuhusu sukari, majirani hawakukosea kabisa. Kabla ya pakilitakseli wagonjwa hupewa deksamethasoni kuzuia mzio, na dawa hiyo hupandisha sukari. Kwa mtu aliyekuwa na kisukari kilichojificha inaweza kukiibua. Sukari nayo huua mishipa kuanzia vidoleni. Kwa hiyo apimwe, ni kipimo cha dakika. Aulizwe pia kama aliwahi kutumia dawa za kifua kikuu zenye isoniazidi, kama hali yake ya VVU inajulikana, kama anakunywa pombe, na kama kuna uwezekano wa kupungukiwa vitamini B12, hasa kama anakula nyama na maziwa kwa nadra au ametumia metifomini, dawa ya kisukari, miaka mingi. Moja ya haya likiwepo, kemo imekuta nyaya ambazo tayari zilikuwa zimechakaa.

Sindano nyekundu sasa. Mwanangu, naomba mziache. Wekundu ule ni wa B12, na kwa mtu aliyepimwa akakutwa ana upungufu wa B12, ni dawa nzuri sana. Lakini ndani ya chupa ile ile, na ndani ya vidonge vyake, kuna B6 kwa kipimo kikubwa. Geuza boksi usome: aina nyingi zina miligramu 100 au 200 kwa kidonge kimoja. Mwili unahitaji miligramu mbili hivi kwa siku. B6 nyingi kwa muda mrefu yenyewe inaharibu mishipa ya hisia, inaleta ganzi ya soksi na glavu kama hii hii ya mama. Nimeona wagonjwa waliomaliza kemo mwaka mzima uliopita na ganzi haipungui, kumbe kila wiki wanachomwa sindano ya kuiondoa. Tena kila sindano ni tundu kwenye ngozi ya mtu ambaye chembe zake za damu ziko chini. Ila tofautisha: anayetumia isoniazidi hupewa kidonge kidogo cha B6 ili mishipa yake isidhurike, huyo asikiache.

Ipo pia asetili-karnitini, inauzwa kama kirutubisho cha neva. Utafiti uliotoka 2013, wa wanawake 409 wa saratani ya titi waliokuwa kwenye dawa za ukoo huu huu wa pakilitakseli, ulitegemea ingezuia ganzi. Ikaiongeza. Ndiyo maana nakuwa mkali na vitu vinavyouzwa kwa jina la "lishe ya mishipa".

Dawa ya kurudisha hisia zilizopotea haipo bado. Naliandika bila kuzungusha kwa sababu utakutana na wengi watakaokuuzia. Dawa zilizopo hupunguza moto na sindano, hazifufui ganzi. Yenye ushahidi mzuri kuliko zote ni dulokisetini. Katika utafiti wa 2013 uliokuwa na wagonjwa 231, walianza miligramu 30 kwa siku wiki moja kisha 60 wiki nne. 59 katika kila 100 walisema maumivu yamepungua, dhidi ya 38 kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani. Hiyo si miujiza, ni msaada. Ndiyo dawa pekee ambayo mwongozo wa chama cha madaktari wa saratani cha Marekani unaipendekeza kwa maumivu haya.

Lakini kwa mama yako dulokisetini ina vizuizi viwili ambavyo lazima daktari avijue kabla ya kuandika. Cha kwanza ni presha, kwa sababu inaweza kuipandisha. Cha pili ni kikubwa zaidi: tamoksifeni hainoi makali yake mpaka ini liigeuze kwa kimeng'enya fulani, na dulokisetini hukibana kimeng'enya hicho. Mtu anaweza kuwa anameza tamoksifeni kila siku kwa uaminifu na isifanye kazi yake yote. Akiihitaji sasa hivi wakati wa dripu ni mazungumzo mengine; akishaanza tamoksifeni, daktari na mfamasia wakae chini wachague njia nyingine. Wala isichanganywe na tramadoli, dawa ya maumivu, bila daktari kujua. Na ikianzwa haikatishwi ghafla.

Njia nyingine ni amitriptilini ya kiwango kidogo usiku, miligramu 10 hadi 25. Ushahidi wake kwa ganzi ya kemo ni mwembamba, lakini ni ya bei nafuu, hospitali nyingi zinayo, dulokisetini haipatikani kila duka la dawa, na kwa mtu ambaye moto wa nyayo unamnyima usingizi nimeona ikimpa angalau usiku. Hukausha mdomo, hufunga choo, na humfanya mtu apepesuke akiamka kwenda haja, jambo baya kwa mtu asiyesikia sakafu; kwa mwenye matatizo ya moyo haifai. Gabapentini na pregabalini huandikwa sana. Gabapentini ilipopimwa kwa ganzi ya kemo haikushinda vidonge visivyo na dawa. Daktari akitaka kuijaribu mwezi mmoja sitagombana naye, lakini isiposaidia iachwe kwa utaratibu, isiongezwe tu mwaka hadi mwaka.

Utasikia pia habari za barafu: mgonjwa kuvaa glavu na soksi za baridi wakati dripu ya pakilitakseli inaingia, damu ipungue vidoleni na dawa ifike kidogo. Kwa kuzuia, matokeo yanatia moyo, na gharama yake ni mifuko ya barafu na taulo. Kwa dozi zilizobaki muulizeni muuguzi. Ila ngozi isiyosikia huungua kwa barafu kama inavyoungua kwa moto, kwa hiyo barafu isiguse ngozi moja kwa moja na mtu awe anaangalia. Anayepewa oksaliplatini asijaribu kabisa.

Umeuliza kama itaisha. Mapitio ya tafiti 31 yaliyochapishwa 2014, yenye wagonjwa zaidi ya 4,000, yalikuta ganzi kwa 68 katika kila 100 ndani ya mwezi wa kwanza baada ya kemo, kwa 60 baada ya miezi mitatu, na kwa 30 baada ya miezi sita na kuendelea. Maana yake wengi hupata nafuu, lakini sehemu kubwa hubaki na kitu. Mshipa wa fahamu ukiota tena huenda karibu milimita moja kwa siku hali ikiwa nzuri, kwa hiyo hesabuni kwa miezi, si kwa wiki. Kawaida moto hutulia kwanza, mikono hurudi kabla ya miguu, na vidole vya miguu huwa vya mwisho. Na ganzi iliyosimamishwa ikiwa kwenye vidole ina njia fupi ya kurudi kuliko iliyoachwa ikafika magotini. Hiyo ni sababu yangu nyingine ya kusema kabla ya dripu ya nane.

Wakati mnasubiri, kazi kubwa ipo nyumbani. Ndala ziwekwe pembeni. Anahitaji kiatu laini kinachofunika vidole na kushika kisigino, cha kutokea nje na kingine cha ndani, kwa kuwa nyumba zetu viatu huachwa mlangoni na yeye akibaki peku atakanyaga pini asijue. Kabla ya kuvaa, kiatu kipinduliwe na kukung'utwa. Maji ya kuoga mtu mwingine ayapime kwa kiwiko. Jiko la mkaa akae nalo mbali, na sufuria ashike kwa kitambaa kikavu kinene, kwa macho, maana vidole havitamwambia kwamba inaunguza. Njia ya chooni usiku iwe na taa. Ngazi apande akishika ukuta, na kwenye daladala asishuke mpaka gari isimame kabisa hata kondakta akimharakisha. Akiketi mkekani asikunje miguu muda mrefu. Mshipa unaopita pembeni ya goti hubanwa, na kwa sasa hauna nguvu za ziada.

Halafu asogee. Mazoezi ndiyo jambo ninalolisisitiza kuliko kidonge chochote, kwa sababu humfundisha ubongo kutumia taarifa chache zinazofika. Asubuhi ashike meza, ainuke kwa vidole na kushuka mara kumi. Asimame mguu mmoja akiwa ameshika, mtu nyuma yake. Atembee kando ya ukuta kisigino kikigusa vidole vya mguu wa mbele. Kwa mikono mpe kuchambua kunde, akizoea mpe mchele. Mgonjwa wangu mmoja alianza na maharage kwenye ungo, akawa anajipimia mwenyewe: leo nimeokota kumi, jana saba. Hospitali ikiwa na mtaalamu wa viungo, ombeni barua ya kumwona.

Kuna mambo ambayo si ganzi ya kemo hata yakifanana nayo. Miguu yote miwili ikilegea, hasa pamoja na maumivu ya mgongo, au akishindwa kuzuia au kutoa mkojo, huenda uti wa mgongo unabanwa, na hapo saa ndizo zinazoamua kama atatembea tena. Mkono na mguu wa upande mmoja kulegea, au mdomo kwenda upande, ni kiharusi mpaka ithibitishwe vingine. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu huenda damu imeganda ndani. Msiuchue kamwe, mpelekeni siku hiyo hiyo. Kwa upande mwingine, ganzi ya kwapani na ndani ya mkono wa kushoto, kama ipo tangu kabla ya dripu, ni ya upasuaji, hiyo isiwatie hofu.

Siku ya kliniki nendeni wawili, na uandike karatasi. Usiandike "ana ganzi", maana ganzi ni neno dogo. Andika ambacho hawezi kufanya: tangu dozi ya tano hawezi kufunga vifungo, vikombe vinamponyoka, ndala inamtoka hajui, usiku hapati usingizi, aliungua kisigino bila kusikia. Daktari hupima uzito wa tatizo kwa hayo. Beba maboksi ya dawa zote, na kama kuna mlonge, habasoda au mitishamba yoyote, beba pia. Mama usimzunguke. Msomee karatasi hiyo nyumbani kabla, mwambie kwamba hizi si kero, ni vipimo, na umwombe ruhusa ya kuitoa mezani. Mzazi akiombwa kwa heshima, mara nyingi hukubali.

Na shangazi asiache kuja. Maji ya moto ayaache, chumvi airudishe jikoni, lakini mikono yake naihitaji. Lengelenge likishapona, kila jioni amketishe mama penye mwanga, amwoshe miguu kwa maji ya kawaida, amkaushe vidole kimoja kimoja, amguse taratibu na mafuta ya nazi juu ya mguu na nyayoni, asiweke mafuta katikati ya vidole. Huku akifanya hivyo aangalie: katikati ya vidole, kisigino, chini ya kidole gumba, kucha. Akiona wekundu, mkwaruzo au lengelenge jipya, akupigie wewe jioni ile ile.